Bonyeza Ukucha, Halafu Subiri

Kuna picha inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: mikono imepangwa safu kwa safu, kucha za kila mkono zina rangi yake, na chini yake limeandikwa jina la ugonjwa. Nyeupe, ini. Njano, mapafu. Nyeusi, saratani. Mtu anaipokea saa nne usiku, anamulika kidole gumba chake kwa tochi ya simu, na kufika asubuhi ameshajipa ugonjwa na yuko dirishani kwenye duka la dawa anaulizia vidonge.

Siwezi kusema picha hiyo ni ya uongo. Karibu kila alama iliyomo imo pia kwenye vitabu vya udaktari. Ubaya wake ni kwamba inaruka maswali ambayo daktari makini huyauliza kwanza. Ni ukucha mmoja au zote? Ilianza lini? Ukiubonyeza, rangi inabaki au inaondoka? Mtu wa Tosamaganga, Kalenga au Mafinga, mkoani Iringa, anaweza kujiuliza maswali hayo nyumbani kwake, bila kutoa hata senti, kabla hajatafuta nauli ya kwenda hospitali.

Anza kwa kuzisafisha. Kwa watu wa jembe hilo si jambo dogo. Udongo mwekundu hung'ang'ania chini ya ukucha siku nyingi baada ya palizi, na anayechuma tumbaku hubaki na utomvu wa kahawia unaonata vidoleni. Hina ya harusi haitoki kwa sabuni. Inasubiri ukucha uote na kukatwa. Rangi nyekundu ya kucha ikipakwa mfululizo huacha umanjano ambao wengi huudhania ugonjwa. Kwangua juu juu kwa kitu chenye makali kidogo: umanjano wa rangi hukwanguka, wa ugonjwa haukwanguki. Kisha kaa penye mwanga wa jua, si chini ya taa, na mikono iwe ya moto. Juni na Julai, baridi ya nyanda za juu ikishika, vidole vya mtu mwenye afya njema kabisa vinaweza kuwa na ubluu saa kumi na mbili asubuhi.

Ndiyo maana nesi, kabla mjamzito hajaingia chumba cha upasuaji, hutazama mikono na kusema, "Dada yangu, hizi kucha tuzifute kwanza." Kile kibanio kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hupitisha mwanga kwenye ncha ya kidole, na rangi nzito au hina inaweza kukipotosha. Kucha za bandia nazo zinamsumbua daktari.

Baada ya hapo, hesabu. Ukucha mmoja ulioharibika kwa kawaida una kisa chake wenyewe: jembe, mlango wa gari, funza, kiatu kinachobana, fangasi. Damu inazunguka mwili mzima na haibagui kidole, kwa hiyo tatizo la ini, la figo au la damu yenyewe likifika kwenye kucha hufika kwenye nyingi, mikono yote miwili. Kanuni hii nitaivunja mara moja tu, nikifika kwenye weusi, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko pengine pote.

Lililo la kawaida kuliko yote ni kupauka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto 59 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na wanawake 42 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Lakini kwa mtu mweusi, ukucha peke yake hudanganya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto unamtaka mhudumu akunjue kiganja cha mtoto na kukilinganisha na kiganja chake mwenyewe. Fanya hivyohivyo nyumbani. Tazama kiganja, vuta kope la chini uone ndani yake, tazama ulimi, ndipo uje kwenye ukucha. Vyote vinne vikiwa vimepauka, hakuna haja ya picha ya WhatsApp.

Upungufu wa madini ya chuma ukikaa muda mrefu, ukucha hulainika na kubonyea katikati badala ya kutuna. Dondosha tone la maji juu yake: kwenye ukucha wa kawaida linateleza, kwenye uliobonyea linakaa. Kwa mtoto mchanga usitumie kucha za miguu kwa jaribio hili, maana mara nyingi zimebonyea bila ugonjwa wowote na hujirekebisha anapokua.

Chanzo ndicho cha kutafuta. Kwa mwanamke ni hedhi nzito au mimba zinazofuatana bila nafasi. Kwa anayelima peku inaweza kuwa minyoo ya safura. Kwa wengi ni chakula. Wenyeji wa Iringa hapo huguna, kwa sababu mkoa unavuna mahindi ya kula na ya kuuza. Utafiti huohuo wa 2022 uliukuta ukiongoza nchi kwa udumavu, karibu watoto 57 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano. Ugali unashibisha, damu inataka maharage, mboga za majani, dagaa, na nyama inapopatikana. Kuna pia jambo dogo ambalo watu wa mkoa unaolima chai kule Mufindi hawapendi kulisikia: chai ikinywewa pamoja na mlo hukamata madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Inywe saa moja au mbili baada ya kula. Juisi ya rozela inaburudisha, sina ugomvi nayo, ila damu iliyoshuka hadi gramu 6 kwa desilita haipandi kwa juisi.

Wala usinunue dawa ya kuongeza damu kabla ya kupima. Kipimo cha wingi wa damu ni tone moja la kidoleni. Chini ya gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 11 kwa mjamzito, chini ya 13 kwa mwanamume, hapo kuna upungufu. Na mwanamume, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, asiridhike kupewa vidonge tu. Aulize damu inavujia wapi, maana vidonda vya tumbo na saratani ya utumbo huweza kuvuja taratibu kwa miezi bila maumivu.

Kupauka ni kitu kimoja. Kuwa nyeupe ni kingine, na hapa ndipo kubonyeza kunapofanya kazi. Bana ukucha kwa sekunde tano, achia. Kwa mtu mzima wa afya unageuka mweupe, kisha wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili hivi. Sasa tazama ile alama inayokutia shaka. Ikiwa imo ndani ya ukucha wenyewe, kubonyeza hakuigusi, na wiki zikipita itasogea mbele pamoja na ukucha. Ikiwa imo kwenye nyama iliyo chini, inapotea au inabadilika unapobonyeza, na mwezi ujao itakuwa palepale. Ya kwanza inakusimulia jambo lililokwisha pita. Ya pili inahusu hali ya mwili wako leo.

Mwaka 1954 daktari Mwingereza Richard Terry alieleza kucha zilizokuwa nyeupe karibu zote, zimebakiwa na ukanda mwembamba wa wekundu au ukahawia karibu na ncha. Aliziona kwa wagonjwa 82 kati ya 100 wenye ini lililosinyaa. Baadaye zilionekana pia kwa wenye moyo ulioshindwa, wenye kisukari, na kwa wazee wasio na ugonjwa wowote. Kwa hiyo babu wa miaka 80 anayepanda mlima kwenda kanisani kila Jumapili asinyimwe usingizi na kucha zake. Lakini kijana wa miaka 35 anayeshinda kwenye pombe ya komoni, na ya ulanzi msimu wake ukifika, ambaye tumbo limeanza kujaa na miguu kuvimba, huyo aende. Na hata asiyekunywa aende akapime homa ya ini B. Chanjo yake iliingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, na walio wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni.

Kama ukucha umegawanyika mara mbili, nusu ya shinani nyeupe na nusu ya nchani kahawia, kwa mpaka ulio wazi, fikiria figo. Si kila mgonjwa wa figo anazo, na si kila mwenye nazo ana figo mbovu, lakini kupima presha, protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu ni jambo la asubuhi moja. Mistari miwili myeupe inayokatiza ukucha na kupotea ukibonyeza huja pale protini ya damu inaposhuka sana. Mara nyingi mwenye nayo atakuwa pia amevimba uso anapoamka.

Vile vidoa vyeupe vya hapa na pale, ambavyo kila mtu huambiwa ni kukosa kalsiamu, ni makovu ya vigongano vidogo kwenye shina la ukucha. Viache viote, uvikate. Weupe unaoanzia shinani na kusonga mbele, hasa kwenye kucha za miguu, ni mwingine kabisa: huwa ni fangasi wa aina inayopenda mwili uliopungukiwa kinga, na anayeuona apime VVU hata kama hajisikii kuumwa.

Nimefika kwenye weusi, ambako maneno ni mengi kuliko vipimo.

Mistari myeusi au ya kahawia inayotoka shinani hadi nchani ni hali ya kawaida kwa watu weusi. Inaongezeka na umri, na wakifika miaka 50 karibu wote wanayo walau kwenye kidole kimoja, hasa gumba na cha shahada. Ukiwa nayo kwenye vidole kadhaa, myembamba, yenye kingo zilizonyooka, na imekuwepo miaka, hiyo ni rangi yako tu. Mzungu akiwa na mstari kama huo madaktari wake hushtuka, na picha nyingi za mitandaoni zimetengenezwa kwa ajili yake.

Kisha kuna dawa. Zidovudini, iliyokuwa ndani ya dawa nyingi za kupunguza makali ya VVU, huwapaka baadhi ya watumiaji kucha nyeusi au zenye ubluu. Haidroksiurea wanayopewa wenye selimundu inaweza kufanya vivyo hivyo, na dawa za saratani pia. Klofazimini ya ukoma na ya kifua kikuu sugu hugeuza rangi ya ngozi na pengine kucha. Hakuna sababu ya kuacha dawa kwa ajili hiyo; mwambie mhudumu aandike kwenye kadi, uendelee kumeza.

Nalisema hili kwa sababu ya mikoa yetu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi wanaoishi na virusi, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Karibu kila ukoo una mtu anayehudhuria CTC, kliniki ya dawa za VVU. Penye hali hiyo, kucha nyeusi huwa habari ya kilabuni na ya kisimani: yule mama umemwona mikono? Mwenye kuzungumza hivyo hajui anachokisema. Dawa ya kwanza inayotolewa kwa watu wazima tangu 2019 ni kidonge cha tenofovir, lamivudini na dolutegravir, ambacho hakina zidovudini ndani yake. Weusi wa kucha haumtambulishi aliye kwenye dawa, na kucha safi hazimtambulishi asiye nazo. Kwa kucha za jirani, ushauri wangu ni kwamba uyageuze macho.

Weusi wa kucha nyingi ukiandamana na kuiva weusi kwa mistari ya viganja na fizi, huku mtu anakonda, anachoka na anatamani chumvi, daktari ataangalia tezi zilizo juu ya figo, ambazo kifua kikuu kinaweza kuzila. Upungufu wa vitamini B12 nao huleta weusi wa kucha na vifundo vya vidole, na unatibika.

Sasa ile kanuni niliyosema nitaivunja. Ukucha mmoja, mara nyingi gumba la mkono au la mguu. Mstari mpya kwa mtu mzima, au wa zamani ulioanza kupanuka, umezidi milimita 3, rangi imechanganyika, shinani ni mpana kuliko nchani, na weusi umemwagikia kwenye ngozi inayouzunguka ukucha. Hiyo inaweza kuwa saratani ya ngozi, melanoma, na kwa watu weusi viganja, nyayo na chini ya kucha ndiko inakopenda kuanzia. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Awali ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alikataa kidole kisikatwe chote, na tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami akiwa na miaka 36.

Utaitofautishaje na damu iliyovilia baada ya kujikwaa? Tia alama ndogo juu ya ukucha, kwa kukwaruza kidogo pale weusi unapoishia upande wa shinani. Piga picha kwa simu, rula ikiwa pembeni. Rudia baada ya mwezi, na mwezi mwingine tena. Damu itasonga mbele pamoja na alama yako, na nyuma yake ukucha utaota safi. Rangi inayozalishwa shinani haiachi nafasi safi nyuma. Ukiwa na zile dalili nyingine nilizotaja, ama ukucha unapasuka, unatoa damu au una kidonda kisichopona, usisubiri hiyo miezi miwili. Omba kuonana na mtaalamu wa ngozi. Kituo cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu hao tangu 1992. Kipimo chenyewe ni kukata kinyama kidogo chini ya ukucha na kukipeleka maabara. Kuupaka dawa ya fangasi mwaka mzima ndiko kunakochelewesha.

Ubluu hautaki maelezo mengi. Joto la moto likishindwa kuuondoa, tazama midomo na ulimi. Ulimi ukiwa na rangi ileile, hewa haifiki kwenye damu inavyotakiwa, na hiyo ni safari ya siku hiyohiyo. Mtoto ambaye kucha na midomo yake hugeuka bluu akilia, anayechuchumaa apumzike kila akikimbia na wenzake, huenda amezaliwa na tundu kwenye moyo. Upasuaji wa mioyo ya watoto unafanyika nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na njia ya kufika huko ni rufaa inayoanzia hospitali ya karibu.

Kuna mabadiliko mengine ambayo rangi haiyaonyeshi: ncha za vidole kunenepa na kuwa za duara, ukucha ukajikunja juu yake. Leo Schamroth, bingwa wa moyo wa hospitali ya Baragwanath, Afrika Kusini, aliyaona yakianza vidoleni mwake mwenyewe alipopata maambukizi kwenye vali za moyo, akayatazama yakipungua alipopona, na mwaka 1976 akaandika jaribio ambalo leo linafundishwa dunia nzima. Chukua kidole cha kulia na mwenzake wa kushoto, vilaze mgongo kwa mgongo, kucha zigusane. Tazama kwenye mwanga. Kati ya mashina ya kucha hizo pawe na kijidirisha chenye pembe nne. Kikiwa kimeziba, piga picha ya kifua, pima makohozi, na moyo usikilizwe. Kucha hizo zaweza kuwa za mapafu, za moyo au za ini, na hazitibiwi kwa kupakwa chochote.

Umanjano na ukijani niupite haraka. Kijani ni bakteria wanaopenda mikono isiyokauka, ya wafuaji na wapika pombe. Kata sehemu iliyoachana na nyama, ikaushe. Njano nene inayomomonyoka mguuni kwa kawaida ni fangasi, lakini dawa ya kumeza ya fangasi huchukua majuma mengi na inaweza kulisumbua ini, kwa hiyo ukucha upimwe kwanza. Kucha zote zikiwa njano, nene na zimekoma kukua, kifua kikiwa kibovu na miguu imevimba, hiyo ni ya daktari. Umanjano wa ugonjwa wa ini utafute machoni, si kwenye kucha.

Ukienda, zahanati ya kijiji inatosha kwa kipimo cha damu, na hospitali ya Tosamaganga ya Jimbo Katoliki la Iringa, ambako madaktari wa shirika la CUAMM la Italia wamefanya kazi na Watanzania kwa miaka mingi, iko hapo kwa yanayozidi. Ila ukikaa mbele ya daktari, usianze na kucha. Anza na uchovu, kukohoa, kuvimba miguu, mkojo wenye povu, uzito uliopungua, na utaje kila dawa unayomeza, ya hospitali na ya miti shamba. Kisha nyosha mikono. Na kama kuna bonde linalokatiza kucha zote kwa usawa, mwonyeshe: ukucha wa mkono huota milimita 3 hivi kwa mwezi, kwa hiyo bonde lililo milimita 6 kutoka shinani linaelekeza kwenye ugonjwa mkali wa miezi miwili iliyopita, malaria kali labda, au uzazi wa shida.

Hesabu hiyohiyo itumie baada ya matibabu. Ukucha wa mkono unahitaji kama miezi sita kujibadilisha wote, wa gumba la mguu mwaka mzima hadi mwaka na nusu. Wengi huacha vidonge vya chuma wiki ya tatu kwa kuwa kucha hazijabadilika, au kwa kuwa kinyesi kimekuwa cheusi, jambo ambalo vidonge hivyo hulileta na halina madhara. Rudi upimwe damu baada ya mwezi. Ikiwa imepanda, endelea kumeza kwa miezi uliyoandikiwa, hata kama ukucha bado umebonyea.